Sukari Kwenye Pindo la Kitenge

Pale Misiera, karibu na Base Camp ya kambi yetu ya wakimbizi, watu wengi waliyajua mandazi ya Orpa kabla ya kumjua Orpa mwenyewe. Ulikuwa ukishuka kwenye pikipiki unapokelewa na harufu ya iliki na mafuta ya moto, na ukiifuata unamkuta mwanamke mfupi, mnene, mwenye sauti ya kuita ng'ombe, anayekukaribisha na kukusema kwa pumzi moja. Alikuwa mtu wa Uvira. Baba yake alikata miwa Kiliba, na Orpa alipenda kujigamba kwamba alionja muwa kabla ya ziwa la mama yake. Namjua, alikuwa na tabia ya kuongeza chumvi kwenye habari zake. Lakini kuhusu utamu hakuongeza kitu. Chai yake ulikuwa ukiinywa midomo inashikana.

Mwaka 2009 alianza kukonda. Alikunywa maji mchana kutwa, na kila mara alikuwa njiani kwenda chooni. Sisi majirani tulinong'ona ule ugonjwa ambao watu huunong'ona, na yeye alijua tunanong'ona nini. Kwa hiyo walipompima kule Mbarara na kumwambia kwamba ana sukari, alicheka kwa furaha mbele ya daktari. Sukari tu? Daktari hakucheka. Alimwambia aache sukari, soda na mandazi, na ugali ale kidogo sana, vivyo hivyo wali, mihogo, viazi vitamu na matoke. Ale maharage, mboga, mayai, samaki na maziwa.

"Docta," Orpa akasema, "kambini batu banatupatia mahindi. Sasa miye nikule gunia yenyewe?"

Hapo daktari naye akacheka kidogo, akamwandikia vidonge. Orpa alirudi nyumbani na vidonge vyake na orodha ya vyakula ambavyo nusu yake hakuwa na pa kuvipata.

Mume wake aliitwa Baudouin, fundi baiskeli, mtu wa maneno machache. Naye alikuwa mlevi wa chai tamu kuliko hata mkewe. Siku ile alisikiliza habari yote, akaondoa kikopo cha sukari mezani, akampa mpita njia, kisha akasema, "Tutakunywa bote bila sukari." Basi. Akamimina chai, akainywa, uso ukamkunjamana, akanywa tena. Kuanzia siku hiyo Baudouin hakuonekana na sukari mdomoni, hata harusini.

Wiki za kwanza Orpa alikuwa mfano wa kuigwa. Mahindi yake aliyabadilisha sokoni kwa maharage, akapanda lengalenga, mchicha wetu, nyuma ya nyumba, ugali akaumega kwa vidole viwili. Kichwa kilimuuma, na hasira zake wateja walizionja. Sista Kyomuhendo, muuguzi wa Mbarara aliyekuwa akimhudumia, alimfundisha namna ya kupambana na hamu: ale karanga chache, anywe maji ya uvuguvugu yenye ndimu, atafune tangawizi, atembee. Orpa alifanya yote, na mengine akajiongezea. Aliimba tenzi. Alisugua masufuria yaliyokuwa tayari yanang'aa. Mambo hayo yalimsaidia kweli, lakini mpaka saa kumi za jioni tu. Saa kumi ndiyo ilikuwa saa yake mbaya. Mandazi yamekwisha, jiko linapoa, mwili umechoka, na mbele yake pana bakuli la unga wa kesho na sukari ya kesho.

Maana hilo ndilo lililokuwa tatizo. Sukari ya nyumbani Baudouin aliiondoa, lakini sukari ya mandazi nani angeiondoa? Ndiyo iliyowalisha. Kila siku alichota kwa mkono wake, akapima kwa jicho, na punje zilizobaki kiganjani akazipangusa kwenye kitenge. Jioni moja hakuzipangusa. Alizilamba. Kesho yake alilamba tena, na haukupita mwezi akawa anafunga kiasi kidogo kwenye pindo la kitenge, pale ambapo wanawake tunafunga chenji. Akizidiwa, alikwenda chooni, akafungua pindo, akachovya kidole.

Chooni! Mwanamke huyu ambaye angekufokea mbele ya watu kwa kushika andazi bila kunawa. Aliniambia mwenyewe baadaye kwamba kila alipotoka mle alikuwa akipita kwanza nyuma ya nyumba asukutue mdomo, Baudouin asije akasikia utamu kwenye pumzi yake. Alijichukia. Alijiapiza. Kesho yake saa kumi alikuwa chooni tena.

Mwaka uliofuata mwiba ulimchoma mguuni na kidonda kikakataa kupona. Kule Mbarara walimwambia wazi: kisipofunga, kidole kitakatwa, na baada ya kidole hawaahidi kitu. Miezi miwili Orpa hakukanyaga chini. Baudouin alichota maji, akapika, akafua. Alifua hata vitenge vya mkewe, hadharani kwenye bomba, na wanaume wa Misiera wakapata cha kucheka. "Mama Baudouin," walimwita. Yeye alikamua nguo, akazianika, akarudi kwenye baiskeli zake bila kumjibu mtu.

Kidonda kilipona, na hofu ilimtia Orpa adabu kwa muda. Kisha saa kumi ikarudi. Lakini sasa palikuwa na mashine ya kupimia sukari. Kila alipokwenda Mbarara, Sista Kyomuhendo alimdunga kidole, na mashine haikuwa na aibu ya kusema. Ilipomsema mara ya kwanza, sista aliinua macho tu, akamtazama. Orpa alitamani ardhi ipasuke.

Ndipo akapata akili ambayo nisingemtakia adui yangu. Sisi Wakongo wa kanisa letu tunafunga na kuomba. Mtu akiwa na jambo zito, akina mama wanaingia naye kwenye maombi, siku mbili, bila chakula. Orpa akawaza kwamba akifunga siku mbili kabla ya kupimwa, damu itakuwa imetulia. Vidonge vyake aliviacha siku hizo, maana alikuwa amesikia vizuri onyo la sista, ambaye kila mama alimwita nyabo: "Dawa na chakula, nyabo. Bila chakula, hapana meza. Na kama mtu natetemeka, natoka jasho mingi, mpe sukari haraka, usingojee." Basi akaja kwetu, akatuomba tumsindikize kwa maombi, na sisi tukafunga naye. Alipopimwa, mashine ilisema vizuri.

"Nyabo, wewe nafanya kazi nzuri sana," sista akamwambia. "Wewe nakula nini?"

Orpa alitaja lengalenga. Alipotoka alivuka barabara, akanunua soda nyekundu, akainywa amesimama.

Jumapili ile alitoa ushuhuda, na kanisa likasimama kushangilia. Pasta Rutayisire alimfanya mfano: tazameni dada aliyeushinda mwili. Kila mara kabla ya kwenda Mbarara tulifunga naye, na kila aliporudi tulishangilia. Hata pindo lenyewe alilibeba siku za kufunga. Hakulifungua, hilo namsifu, lakini kuliacha nyumbani hakuweza. Alilishika tu kwa vidole wakati tukiomba, na sisi tulidhani anafinyangafinyanga kitenge kwa uchungu wa maombi.

Mwaka 2012 Mama Kantengwa naye aligunduliwa ana sukari. Alikuwa mjane wa milimani, mzee, mwembamba, aliyewahi kuwa na ng'ombe wengi na sasa alikuwa na kuku watatu. Kwake hapakuwa na daktari zaidi ya Orpa. Orpa akisema lengalenga, anakula lengalenga. Orpa akiguna, anaacha. Alikuja kila asubuhi na fimbo yake, akakaa kwenye kiti kidogo karibu na jiko, akamtazama Orpa akikaanga mandazi bila kuonja hata moja, na kusema, "Mungu alikupatia moyo wa chuma, mwanangu." Orpa aliinamisha uso kwenye mafuta.

Tarehe ya Mbarara ilipokaribia, Mama Kantengwa alitangaza kwamba safari hii atafunga naye. Tulikuwa tumekaa kwenye mikeka baada ya kikao cha akina mama. Akauliza, "Na hii kinini yangu? Nikimeza, nitakuwa nimefungua?"

Swali hilo lilitunogea. Wengine walisema kidonge kikishapita kooni ni chakula. Mariette, mke wa pasta, alikata shauri: "Dawa haiko chakula. Umeze tu, mama, hautafungua." Tukaona amesema kweli, kisha sote tukamgeukia Orpa, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa mwenye ugonjwa na mwenye ushindi.

Orpa alijua. Maneno ya sista yalikuwa masikioni mwake. Lakini angesema "asimeze bila chakula," mtu angeuliza, na wewe je, huwa unamezaje? Na swali hilo lingefungua lingine, mpaka lifike chooni. Akaangalia mkeka.

"Ni sawa," akasema.

Tulianza kufunga Jumatano asubuhi. Alhamisi saa kumi tulikuwa kanisani, kule juu kilimani ambako hakuna duka wala nyumba ya karibu, turubai likiwaka joto juu ya vichwa vyetu. Mama Kantengwa alikuwa amemeza vidonge vyake siku zote mbili, kwa uaminifu, na maji matupu. Akaanza kutetemeka. Kisha jasho likamtoka, likalowesha blauzi, na akawa anacheka na kusema maneno yasiyoshikana, akiita ng'ombe kwa majina. Mtu mmoja akapiga kelele kwamba Roho ameshuka. Mariette akamwekea mikono. Tukapandisha sauti, na mimi wa kwaya nikapandisha kuliko wote, kwa furaha.

Ni Orpa peke yake aliyejua anachokiona. Mkono wake ulikuwa kwenye pindo tayari. Aliniambia kwamba jambo la kwanza lililomjia halikuwa Mama Kantengwa. Lilikuwa nyuso zetu. Akawaza akimbie mpaka nyumbani, arudi na sukari kwenye kikopo kama mtu mwema aliyekimbia kuitafuta, na hakuna atakayejua. Na kweli alikwenda. Alifika mlangoni, mguu mmoja ukawa nje. Hapo akageuka, akaona shingo ya mzee imelegea, kichwa kinaanguka kwenye mapaja ya Mariette, na sisi bado tunaimba.

Alirudi akitusukuma kwa viwiko. Fundo lilikuwa limekaza, akalifungua kwa meno. Akamwagia sukari kiganjani, akachovya kidole, akamsugua Mama Kantengwa kwenye ufizi, ndani ya shavu, chini ya ulimi, tena na tena. Wimbo wetu ulikufa wenyewe. Tulimwangalia mwanamke aliyefunga siku mbili akitoa sukari mwilini mwake.

Baada ya muda mzee alifumbua macho. Alilamba midomo.

"Yesu wangu," akasema. "Butamu."

Tulimletea uji na maziwa kutoka chini, akanywa, akakaa, akaulizia fimbo yake. Kisha akamshika Orpa mkono, akatuambia sote huku machozi yakimtoka: "Munaona huyu? Alijuaka miye ni muzee. Alifunga sukari mu kitenge juu yangu." Tukapiga makofi. Wengine walimkumbatia Orpa. Alikuwa amesimama katikati yetu na pindo lake lililokunjamana, hakusema ndiyo, hakusema hapana.

Ijumaa hakwenda Mbarara. Alisema miguu inamuuma. Mandazi pia hakukaanga, akajifungia ndani, na Baudouin akawajibu wateja kwa kutikisa kichwa.

Jumapili Mama Kantengwa alisimama kutoa ushuhuda. Alileta mayai mawili ya kuku wake, kayafunga kwenye jani la mgomba, akamkabidhi Orpa mbele ya kanisa. Kisha akasema kwamba mwezi ujao, kwa kumshukuru Mungu, yeye na wagonjwa wengine wawili wa sukari watafunga tena, na Orpa atawaongoza. Kanisa likaitikia amina.

Orpa alisimama na mayai mkononi.

"Bwana asifiwe."

"Amina!"

"Apana, musiseme amina. Mungojee kwanza." Sauti yake, ile ya kuita ng'ombe, ilikuwa ndogo mno, watu wa nyuma wakasogea. "Ile sukari haikukuwa ya Mama Kantengwa. Ni yangu. Niko nayo kila siku. Niko nailamba mu choo. Na kufunga kwetu... munyi mulikuwa munafunga juu ya Mungu. Miye nilikuwa nafunga juu ya mashini ya Mbarara, iseme muzuri." Akayatazama mayai. Tulidhani amemaliza. "Na ile kinini. Nilijuaka kama haimezwi bila chakula. Mama aliuliza, nikasema ni sawa, juu ya kusikia aibu. Musifunge. Batu ba sukari, musifunge hata siku moja."

Akakaa. Nimeona kanisa letu likilia, likicheza, likigombana mpaka viti vikavunjika. Sijawahi kuliona vile. Hata watoto walinyamaza. Pasta Rutayisire alikohoa, akatufanyia ishara, na kwaya tukaanzisha wimbo, kila mtu kwa sauti yake. Mimi uso wangu ulikuwa unachoma, nikikumbuka nilivyokuwa naimbia jasho la mtu anayekufa.

Kwetu ibada ikiisha tunatoka mmoja mmoja na kupanga mstari nje, kila anayetoka anawapa mkono waliotangulia, kisha anasimama mwishoni mwa mstari. Orpa alisimama mahali pake. Wengi walimpa vidole tu. Mama Kantengwa alifika mbele yake, akahamishia fimbo mkono wa kulia, akapita. Hakuna aliyemlaumu, na Orpa mwenyewe ndiye wa kwanza kutomlaumu.

Yaliyofuata nyumbani aliniambia miezi mingi baadaye, tulipoanza tena kuongea vizuri. Alisema walitembea na Baudouin mpaka nyumbani. Aliweka mayai juu ya meza, akavua kile kitenge, akakitupa kwenye kiti, akajifunga kingine. Akabandika chai kwa kuwa hakujua afanye nini na mikono yake. Alimimina vikombe viwili, akakaa.

"Nilipashwa kukuambia weye ya kwanza," akasema. "Mbele ya kuambia kanisa. Unisamehe. Ulisikia aibu mbele ya batu juu yangu."

"Nilijuaka," Baudouin akasema.

"Ulijuaka nini?"

"Sukari."

"Tangu lini?"

Baudouin alipuliza chai yake. "Tangu ile kidonda. Nani alikuwa nafua bitenge byako? Ile kona ilikuwa nashikana mu vidole. Nilionja."

Orpa alihesabu miaka kichwani na kuacha. Ina maana hata alipokuwa akisukutua mdomo nyuma ya nyumba, mwanamume huyu alikuwa ndani anajua anasukutua nini. Ina maana alikaa kanisani kwenye kila ushuhuda.

"Na ulinyamaza?"

"Nilikuwa naona namna unasikia aibu. Nikasema, kama nikiongeza na yangu, atakimbilia fasi gani? Nikangojea useme."

"Sasa na chai?" Orpa akauliza. "Kama ulijua niko nalamba sukari, juu ya nini uliendelea kunywa chai ya buchungu, weye?"

Baudouin alimtazama kana kwamba hakuelewa swali.

"Nilisema tutakunywa bote."

Mbele ya kanisa zima Orpa hakulia. Mbele ya mstari wa mikono hakulia. Pale mezani, mbele ya kikombe kile, alilia mpaka akashika meza. Baudouin alimwacha alie. Akamaliza chai yake, akakichukua kitenge pale kwenye kiti, akachukua sabuni, akaenda nacho bombani.